Kanisa la Miti la Greensted

Huko Greensted, wilaya ya Essex, Uingereza, liko kanisa dogo la parokia. Kuta za ukumbi wa waamini ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa kati na kusimamishwa wima: mviringo nje, bapa ndani. Umri wake wapita miaka 900. (Upande wa altare ni wa matofali, wa baadaye, hautushangazi.)

Mwaka 1848 mafundi walikuta miguu ya magogo imeoza. Wakaikata, wakajenga msingi wa matofali chini yake. Kuna atakayesema wameliharibu kanisa. Sisi hatukubali: afadhali gogo la kale lililofupishwa kuliko ukuta mpya. Leo sheria inalilinda katika daraja la kwanza. Ndani, alama za tezo zaonekana bado.