Mstari mmoja kwa wakati: jinsi grep ilivyosaka ndani ya kompyuta ndogo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Lee McMahon, mtafiti wa Bell Labs huko New Jersey, alikuwa na swali la karne mbili na kompyuta yenye nafasi finyu. Swali lilihusu Federalist Papers, insha 85 zilizoandikwa mwaka 1787 na 1788 kuitetea katiba mpya ya Marekani. Alexander Hamilton, James Madison na John Jay walizitoa wote kwa jina moja la bandia, Publius. Kwa insha 12 kati ya hizo, wasomi walibaki wakibishana: ni za Hamilton au za Madison?

Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walikwisha kuonyesha kwamba mwandishi hujitambulisha kwa maneno madogo asiyoyafikiria. Hamilton alilipenda neno "upon", Madison alilitumia kwa nadra sana. Hamilton aliandika "while", Madison "whilst". McMahon naye alitaka kuyapitia maandishi hayo kwa kompyuta, neno kwa neno.

Chombo cha kusakia kilikuwapo, lakini kilikaa ndani ya chombo kingine. Mfumo endeshi wa Unix ulikuwa na kihariri kiitwacho ed, kilichoandikwa na Ken Thompson, mwenzake McMahon, na mtumiaji wake aliweza kuandika amri ya umbo hili: g/re/p. Herufi g iliagiza faili zima lipitiwe. Re ilisimama mahali pa ruwaza, yaani umbo la herufi linalotafutwa. Na p iliagiza kila mstari wenye umbo hilo uchapwe. Ila ed ililemewa na faili za McMahon. Kihariri hakina budi kujua kila mstari ulipo, kwa sababu mtu anaweza wakati wowote kuurudia, kuufuta au kuuhamisha. Nayo kompyuta yao, PDP-11, ilitumia anwani za biti 16, kwa hiyo baiti ambazo programu ingeweza kuzifikia kwa anwani hizo hazikuzidi 65,536.

Thompson akaona kwamba msako hauhitaji mzigo huo wote. Aliichomoa ed sehemu ya kusaka na kuifanya programu inayojitegemea, na jina likatokana na ile amri yenyewe: grep. Ilikuwamo katika mwongozo wa toleo la nne la Unix, Novemba 1973.

Siri yake ni kuacha. Grep husoma mstari mmoja, huulinganisha na ruwaza, huuchapa ukifaa, kisha huusahau na kuchukua unaofuata. Faili liwe na mistari 10 au 10,000, kumbukumbu inayotumika ni ile ile. Urefu wa faili unaongeza muda tu, hauongezi nafasi. Ndiyo maana grep iliendana vizuri na mabomba ya Unix, yanayopitisha matokeo ya programu moja hadi nyingine: haikuhitaji kujua maandishi yanaishia wapi ndipo ianze kazi.

Ruwaza nazo zilibeba mengi kwa alama chache. Nukta ilisimama badala ya herufi yoyote, ^ ilishika mwanzo wa mstari, $ mwisho wake, na mabano ya mraba yalitoa uchaguzi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuionja nguvu hiyo kwa kuandika som[aeio]: mara moja zinanaswa "anasoma", "asome", "wasomi" na "masomo". Kwa lugha inayobadilisha vitenzi mbele na nyuma ya mzizi, msako wa aina hii unafika mahali ambapo kutafuta neno zima hakufiki.

Thompson alikuwa na njia mbili za kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1968 alichapisha mbinu iliyofuata uwezekano wote wa ruwaza kwa pamoja, akiigeuza ruwaza kuwa maagizo ya mashine ya IBM 7094. Katika ed, na hivyo katika grep, alichagua njia nyepesi zaidi: kujaribu uwezekano mmoja, na ukikwama, kurudi nyuma na kujaribu mwingine. Ruwaza za ed hazikuruhusu kuuliza "hili au lile" kwa maneno mazima, kwa hiyo njia hiyo ilitosha. Ruhusa hiyo ilikuja na egrep ya Alfred Aho, iliyomo katika toleo la saba la mwaka 1979, pamoja na fgrep, iliyosaka maneno mengi kwa mpigo.

Kubana kumbukumbu kwa kushika mstari mmoja tu kulikuwa na gharama, na mwongozo wa toleo la saba haukuificha: mstari uliopita herufi 256 ulikatwa. Kizuizi hicho kiliondoka baadaye, kumbukumbu zilipopanuka. Kingine kimebaki, kwa kuwa kimetokana na mbinu yenyewe. Mtu akitafuta kwa grep ya kawaida kifungu cha maneno mawili, na la kwanza likawa mwishoni mwa mstari huku la pili likiwa mwanzoni mwa unaofuata, hatakipata. Programu inapolifikia neno la pili, mstari uliobeba la kwanza umekwisha kusahauliwa.