Vidole Masikioni

Katika kurasa za mwanzo za Safari ya Msafiri, mwanamume mwenye mzigo mgongoni anatoka mbio nyumbani kwake. Mke na watoto wanamwona, wanalia, wanamwita arudi. Anachofanya ni kutia vidole masikioni na kuongeza mbio, huku akipaza sauti kwamba anautafuta uzima, uzima wa milele. Hatazami nyuma.

Nimekisoma kitabu hiki mara tatu: utotoni, katika toleo fupi lenye picha tulilokuwa tukisomewa shule ya Jumapili, nikiwa kidato cha tano, na mwaka huu, katika Kiingereza chake cha asili, kwa ajili ya semina ya uzamili kuhusu fasihi na dini. Mara zote tatu nimekwama kwenye vidole hivyo. Wenzangu darasani waliniambia hiyo ni istiari tu: mji unaokimbiwa ni dhambi, na mke na watoto ni vishawishi. Sawa. Lakini istiari huanza kufanya kazi kwa watu kabla haijafafanuliwa semina, na hii imefanya kazi kwetu kwa muda mrefu. Isabel Hofmeyr, katika utafiti wake wa mwaka 2004 kuhusu namna kitabu hiki kilivyosambaa nje ya Uingereza, anataja tafsiri katika lugha zipatazo 80 za Afrika. Wamisionari walikibeba karibu sambamba na Biblia. Ukienda msibani leo ukamsikia mhubiri akisema sisi ni wapitaji tu, hapa si kwetu, huenda kitabu chenyewe hakijui, lakini barabara anayoichora mbele ya waombolezaji mara nyingi ni ileile: mji wa kuukimbia, mzigo, mto, na mji mwingine ng'ambo.

Mwandishi ni John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria, aliyezaliwa mwaka 1628 Elstow, karibu na mji wa Bedford. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1678, ya pili mwaka 1684. Majina ya wahusika nitayatafsiri mwenyewe: anayekimbia ni Mkristo, mkewe ni Kristiana.

Sababu ya kuandika haya si semina. Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe miaka mitatu iliyopita. Kabla ya arobaini, shemeji zake walishaweka alama mpya za mipaka kwenye shamba la kahawa na migomba ambalo yeye na marehemu walilinunua pamoja. Alipotaka kwenda baraza la ardhi, mzee mmoja wa kanisa alimjia nyumbani akamsihi aache. Mali ya dunia inapita, alimwambia, hazina yako iko mbinguni. Kuwa kama Mkristo wa kwenye kile kitabu, usigeuke nyuma. Hakuna aliyekwenda kwa shemeji zake kuwaambia kwamba dunia inapita.

Mama mdogo anakipenda kitabu. Ana nakala yake isiyo na jalada. Niliporudi likizo aliniuliza swali moja, tena bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Hivi mwanangu, yule mke aliyeachwa, na wale watoto, walikuwa wanakula nini?"

Nililibeba swali lile hadi maktaba. Ndani ya hadithi yenyewe halina jibu. Katika sehemu ya kwanza Mkristo anafika kwenye jumba moja zuri mlimani, na mwanamke aitwaye Upendo anamuuliza kwa nini hakuja na familia yake. Mkristo analia. Anajitetea kwamba aliwasihi, aliwaonya, wakakataa. Upendo anaridhika, na kwa maoni yangu anaridhika haraka mno. Kwa mtu mwenye jina lile nilitarajia aulize maswali mawili matatu zaidi. Katika sehemu ya pili Kristiana mwenyewe anaanza safari na wanawe wanne, na jambo la kwanza Bunyan analomtaka afanye ni kujuta kwamba alimfanyia mumewe ugumu. Mume hatakiwi kujuta lolote. Kuhusu chakula, kimya.

Jibu lipo nje ya hadithi, katika maisha ya aliyeiandika. Novemba 1660 Bunyan alikamatwa kwa kuhubiri bila idhini ya kanisa la serikali. Akaambiwa aahidi kuacha kuhubiri aende zake nyumbani. Akakataa, akakaa gerezani Bedford miaka 12. Mkewe wa pili, Elizabeth, alikuwa bado kijana, na alikuwa akilea watoto wanne wa mke wa kwanza aliyefariki, mmoja wao kipofu. Habari za kukamatwa kwa mumewe zilimshtua akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake, akauguzwa siku nane, akajifungua, mtoto akafa.

Mwaka uliofuata Elizabeth alikwenda kwa majaji waliofika Bedford. Alipeleka ombi kwa mkono wake kwa Jaji Matthew Hale. Kesho yake akatupa jingine ndani ya gari la farasi la jaji wa pili, Twisden. Mwisho akaingia mwenyewe katika chumba walimokaa majaji pamoja na wakubwa wa wilaya, akasimama akazungumza. Aliwaeleza kwamba ana watoto wadogo wanne wasioweza kujisaidia, na kwamba hawana cha kuishi ila sadaka za watu wema. Twisden alimwambia kwamba umaskini ameufanya joho la kujifunika. Hale, aliyekuwa na huruma zaidi, alimweleza njia za kisheria zilizobaki.

Kwa hiyo, mama, hicho ndicho walichokuwa wanakula. Sadaka.

Tunayajua haya kwa sababu Bunyan aliyaandika. Maelezo ya kesi yake yalichapishwa mwaka 1765 tu, miaka mingi baada ya kifo chake, na ndani yake amempa mkewe nafasi ya kusema kwa kirefu, neno kwa neno, jinsi alivyowajibu majaji. Sioni mahali popote anapomkaripia kwa kushikilia mambo ya dunia. Mwisho wa maelezo hayo Elizabeth anasema alitoka chumbani akilia, na hakulia hasa kwa ugumu wa mioyo yao kwake na kwa mumewe. Alilia alipowaza hesabu watakayotoa watu kama hawa Bwana atakapokuja.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mwanamke huyu anaamini umilele kuliko mzee wa kanisa letu. Anauamini kiasi kwamba anaona jaji naye atasimama mbele ya Jaji. Lakini imani hiyo haikumzuia kupeleka ombi la kwanza, la pili, na kuingia chumbani mara ya tatu. Tumaini la mbinguni kwake lilikuwa kipimo cha kuwapimia wenye mamlaka. Kwetu limegeuzwa kuwa kitambaa cha kumziba mdomo mwenye kudai.

Kwa maneno haya simtetei Bunyan kwa kila kitu. Kuna wasomi wanaosema dini ya aina yake ndiyo iliyowafundisha Waafrika kutazama juu wakati ardhi inaondolewa chini ya miguu yao, na ushahidi wao si mdogo. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, inahusu jambo hilihili: mkulima na mkewe, wenye ekari moja na nusu, wanashawishiwa na matajiri walokole wafunge ndoa ya kanisani, wanakopa benki kwa dhamana ya shamba, na shamba linaishia mikononi mwa tajiri aliyewaletea Injili. Serikali iliipiga marufuku tamthilia hiyo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo. Kila nikiisoma namwona mzee wetu akishuka kilima kuelekea kwa mama mdogo.

Lakini Bunyan naye alimjua mtu huyo. Nje tu ya Gulio la Ubatili, Mkristo anakutana na Bwana Masilahi, anayetoka katika mji wa Maneno-Matamu, ambaye anaeleza kwa fahari kwamba hapendi dini ikiwa inatembea na matambara. Anaipenda ikivaa viatu vya fedha, jua likiwaka na watu wakishangilia. Baadaye rafiki zake wa tangu shule, Shika-Dunia, Penda-Pesa na Weka-Yote, wanajenga hoja ndefu, yenye vifungu vya Maandiko, kwamba si kosa mtu kuwa mcha Mungu ili apate mke tajiri au wateja wengi dukani. Ni sehemu ya kuchekesha kuliko zote kitabuni, na ukiisoma kwa sauti utadhani imeandikwa wiki iliyopita kuhusu kanisa lenye spika kubwa kando ya stendi. Ukali wa Bunyan kuhusu mali, ukifuatilia unaelekea wapi, mara nyingi unamwelekea mwenye mali anayetumia dini. Sikumbuki hata ukurasa mmoja ambamo anamwambia mjane aachie shamba.

Hata Gulio lenyewe, linapouzwa kila kitu, nyumba, mashamba, vyeo, falme, waume, wake, watoto, damu, roho, limeandikwa na mtu aliyewahi kutembea magulioni na mfuko wa vyombo vya kazi begani. Linanikumbusha Al-Inkishafi, ingawa dini ni nyingine na pwani ni nyingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake usidanganyike na dunia, lakini majumba ya Pate, taa zake na vidaka vyake vya vyombo vya kaure, ameyaeleza kwa upendo ambao hakuna onyo linaloufuta. Anayeiacha dunia vizuri katika fasihi ni yule aliyeipenda. Mtu ambaye hajapoteza kitu, akihubiri kwamba vitu havina maana, hanishtui.

Bunyan alipoteza. Katika tawasifu yake ya mwaka 1666, aliyoiandika gerezani, anasema kutengana na mke na watoto kulikuwa kama kubanduliwa nyama kutoka mifupani, hasa alipomfikiria yule mtoto kipofu. Alikuwa akishona ncha za kamba za viatu humo gerezani ili zikauzwe wapate riziki. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeandika vidole masikioni. Nasoma tukio lile sasa kama ndoto, na kitabu chenyewe kinasema ni ndoto: ndoto ya mfungwa ambaye masikio yake hayakuwahi kuzibika.

Sehemu ya pili watu wengi hawaisomi, na kisanaa ni kweli imelegea. Mafumbo yanaulizwa mezani na kujibiwa kwa utaratibu unaochosha. Mimi naipenda zaidi. Barabara ni ileile lakini imejaa watu. Watoto wanakula matunda, mmoja wao anaumwa tumbo, mganga anaitwa, dozi inaandikwa. Vijana wanaoana njiani. Rehema, binti aliyefuatana na Kristiana, anashona nguo za maskini, na mchumba anayedhani ni biashara anakimbia akijua zinagawiwa bure. Wanyonge hawaachwi nyuma: Akili-Dhaifu anangojwa, Bwana Kuchechemea anakuja na magongo yake. Wanalibomoa boma la jitu Kukata-Tamaa na kumtoa humo mzee mmoja na binti yake aitwaye Woga-Mwingi. Halafu, kabla ya kuendelea na safari ya mbinguni, wanacheza ngoma. Kristiana anapiga ala ya nyuzi, Rehema nyingine, na Kuchechemea anamshika Woga-Mwingi mkono wakaingia barabarani kucheza, yeye akiwa na gongo moja mkononi kwa kuwa bila hilo hawezi. Bunyan anahakikisha tunajua kwamba alicheza vizuri.

Mtoni, wanapoitwa mmoja mmoja kuvuka, wanaacha wosia. Kuchechemea anamwachia mwanawe magongo. Mwingine anaacha upanga wake kwa atakayemfuata katika safari. Woga-Mwingi anavuka akiimba, na hakuna anayeelewa maneno ya wimbo wake.

Desemba 1685, mwaka mmoja baada ya sehemu hiyo kuchapishwa, mfalme mpya akiwa ametawazwa na wahubiri wa aina yake wakiwa hatarini tena, Bunyan aliandika hati ya kisheria. Ndani yake anamkabidhi Elizabeth kila alicho nacho, ili akikamatwa serikali isipate cha kutaifisha. Anajitaja kwa kazi yake ya ufundi wa shaba. Kisha anaorodhesha: bidhaa, madeni anayodai, pesa taslimu, pete, vyombo vya nyumbani, nguo, vyombo vya shaba, vyombo vya bati, matandiko. Hati ilifichwa ndani ya nyumba yao Bedford, na haikuonekana hadi karne ya 19, nyumba ilipobomolewa. Nimempelekea mama mdogo orodha hiyo kwa simu. Alinijibu akiuliza kama yule mwanamke alikuwa na mashahidi.