Kununua Kisichouzwa: Tahakiki ya Istilahi za Michezo ya Kompyuta katika Linux

Istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake, wala kwa umbali wake na Kiingereza. Hupimwa kwa jambo moja: je, mtu asiyemjua aliyeiunda, akiisoma peke yake, atafahamu anaambiwa nini, amepewa haki gani na anatakiwa atimize lipi? Kipimo hicho ndicho tunachokusudia kukitumia hapa. Tutakitumia kwa istilahi za uwanja ambao wengi wetu tumeuacha kwa kuuona kuwa ni wa watoto, nao ni michezo ya kompyuta, hasa ile ichezwayo katika Linux.

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu inayoiongoza kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Iliasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Sababu ya kuizungumzia leo ni ya wazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo, awe mwalimu au karani, ana njia chache tu: aendelee nayo bila kinga ya kutegemewa, alipie huduma ya ziada, anunue nyingine, au aweke Linux. Atakayeishika njia hii ya mwisho hatakuta barua na majedwali peke yake. Atakuta pia michezo, maduka yake, na maneno ya maduka hayo.

Kwa upande wa barua na majedwali, njia ilikwisha fyekwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye sura ya Kiswahili. Kazi ile ilikuwa kubwa na yastahili kusifiwa. Lakini ilihusu ofisi. Uwanja wa michezo umebaki mikononi mwa kila mtu na tafsiri yake, na aghalabu mikononi mwa mashine ya kufasiri.

Funzo la Hale

Tumeichagua Hale, katika Wilaya ya Korogwe, iwe mahali pa kupimia maneno haya. Hale iko kando ya barabara itokayo Segera kwenda Tanga, nayo imezoeana na mitambo tangu zamani. Kituo chake cha kufua umeme kwa maji ya Mto Pangani, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Na mkonge ulikuwapo kabla ya umeme huo. Hapo twaweza kuokota maneno matatu.

La kwanza ni kufua umeme. Neno kufua ni la mhunzi afuaye chuma. Halikuazimwa popote, lilitolewa katika ghala ya lugha yenyewe, likapewa kazi mpya, nalo likaiweza. La pili ni korona, jina la mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Hilo lilikuwa jina la kibiashara la mashine yenyewe, watu wakalikubali, wakalitia irabu zao, likawa la kwao. La tatu ni manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba walioletwa mashambani kutoka mbali, wakajulikana kwa namba.

Neno hili la tatu ndilo lenye funzo zito. Mkataba wenyewe ulikuwa na lugha yake ya kisheria. Neno manamba liliyaweka kando maneno ya mkataba, likaitaja hali ya mtu aliyeutia dole gumba. Aliyelisikia alifahamu mara moja kwamba mtu huyo hakupimwa kwa jina lake. Hivyo ndivyo istilahi njema inavyofanya: husema kweli ya mapatano hata pale ambapo karatasi ya mapatano inaificha.

Huria si bure

Tuanze na jambo ambalo Kiswahili kimebahatika. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika miaka mingi kuwaeleza wenzake kwamba akilitumia neno hilo hakusudii bei bali uhuru. Sisi hatuna taabu hiyo. Tuna bure, na tuna huria. Programu ya bure ni ile isiyotozwa fedha. Programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa.

Ajabu ni kwamba bahati hii twaitupa wenyewe. Katika vijitabu vingi vya mafunzo Linux huitwa "programu ya bure", kana kwamba sifa yake ni kukosa bei tu. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo atakapoona mchezo usiolipiwa katika duka ataudhani kuwa ni wa jamii moja na Linux, na sivyo hata kidogo. Michezo mingi ya bure imefungwa kabisa, na hupata fedha zake kwa kumwuzia mchezaji mapambo na nafasi humo ndani.

Mfano mzuri ni osu!, mchezo ulioanzishwa na Dean Herbert wa Australia mwaka 2007. Huchezwa bila malipo, na toleo lake jipya hufanya kazi katika Linux moja kwa moja. Msimbo chanzo wa toleo hilo ni huria. Lakini picha na sauti zinazoambatana nao zina sharti la kutotumiwa kwa biashara. Basi katika mchezo mmoja kuna kilicho bure, kilicho huria, na kilicho bure bila kuwa huria. Mfasiri asiyetenga maneno haya mawili hawezi kuueleza mchezo huo kwa haki.

Mapigo na kupitisha wakati

Mchezo huohuo watuletea swali la pili: aina yake iitweje? Alama hutokea juu ya kioo kwa kuufuata muziki, na mchezaji hutakiwa kubonyeza kwa wakati wake hasa. Akichelewa au akiwahi, amekosa. Tumewahi kukuta istilahi tatu: michezo ya mahadhi, michezo ya mdundo na michezo ya ridhimu.

Mahadhi hayafai, kwa kuwa ni mwendo wa sauti inayopanda na kushuka. Mtu aweza kuyashika mahadhi bila kuyafuata mapigo. Ridhimu imezoeleka katika madarasa ya ushairi, lakini nje ya darasa haina makazi. Mdundo ni neno zuri, ila hutaja zaidi mlio wa ngoma kuliko kipimo cha wakati. Sisi twapendekeza michezo ya mapigo. Neno hili lina umoja wake, pigo, ambao unatosha kuwa jina la kila alama inayopaswa kubonyezwa. Lina kitenzi chake, kupiga. Latuwezesha kusema amelipata pigo, amelikosa pigo, mapigo yameongezwa kasi. Mzee wa Hale aliyecheza mdumange ujanani hatahitaji maelezo. Miguu yake ilikwisha jifunza maana hiyo.

Hapohapo kuna kosa jingine lililoenea. Michezo midogo, isiyodai muda mrefu wala ujuzi mwingi, huitwa na baadhi ya wafasiri "michezo ya kawaida". Kawaida ya nini? Bao ni mchezo wa kawaida huku kwetu, lakini wadai akili na miaka ya kujifunza. Yafaa iitwe michezo ya kupitisha wakati. Kuhusu neno gemu, hatuoni sababu ya kulifukuza. Neno mchezo limekwisha beba kandanda, riadha na maigizo. Gemu imepata makazi yake katika vinywa vya vijana kama korona ilivyopata katika mkonge. Katika maandishi rasmi tuseme michezo ya kompyuta, na katika mazungumzo gemu.

Mkalimani

Michezo mingi iliundwa kwa ajili ya Windows, nayo haiijui Linux. Ili ichezwe huko hutumika programu ya kati. Programu mama ya jamii hiyo, iitwayo Wine, ilianza mwaka 1993. Kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, mwaka 2018. Baadhi ya waandishi wetu huiita "kiigizaji". Hilo ni kosa la maana, kwani wenye Wine wameyaweka makanusho katika jina lenyewe: programu yao haiigizi mashine nyingine. Inachofanya ni kusikiliza ombi la mchezo katika lugha ya Windows na kulipeleka kwa Linux katika lugha ya Linux, papo kwa papo.

Wasomaji wa jarida hili walio wafasiri watakuwa wamekwisha litambua jina la kazi hiyo. Si kazi ya mfasiri aketiye na maandishi yake. Ni kazi ya mkalimani asimamaye baina ya watu wawili wanaozungumza. Twapendekeza programu kalimani. Istilahi hiyo ina faida ya pili, kwamba inatabiri hatari. Mkalimani aweza kukataliwa mlangoni. Mwezi Septemba 2024 mchezo wa GTA Online uliwekewa mlinzi mpya wa kuzuia udanganyifu, na waliokuwa wakiucheza kwa njia ya Linux wakajikuta nje. Fedha walikwisha zitoa.

Mauzo, punguzo na leseni

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tahakiki yetu. Steam, duka la Valve lililofunguliwa mwaka 2003 na kuanza kuihudumia Linux mwaka 2013, hushusha bei kwa majira, na vijana wengi duniani huyangoja majira hayo. Mashine za kufasiri hulitafsiri neno "sale" kuwa "mauzo", na tangazo likawa "Mauzo ya Kiangazi". Mauzo ni shughuli ya kuuza, ambayo duka huifanya kila siku. Kinachotangazwa ni punguzo la bei. Na kiangazi chenyewe ni cha Marekani. Kwa Hale mwezi wa Juni masika yamepita tu na kipupwe kimeingia. Tuseme punguzo la Juni, tumalize.

Lakini wahenga walisema rahisi ghali, na ughali wake umo katika kitufe kinachofuata, kilichoandikwa "Nunua". Katika Kiswahili, kununua ni kuihamisha mali. Nikinunua jembe sokoni Korogwe, jembe ni langu; naweza kuliazima, kuliuza au kuliachia urithi, na muuzaji hana ruhusa ya kuja usiku kulichukua. Katika maduka haya haki hizo hazipo. Mlipaji hupewa leseni ya kuutumia mchezo, nayo yaweza kufutwa. Si nadharia. Kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wake The Crew tarehe 31 Machi 2024, kisha leseni za walioulipia zikaondolewa, hata mchezo usifunguke tena.

Jimbo la California liliona kwamba tatizo hili ni la neno. Sheria yake iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijiti kutumia neno la kununua, isipokuwa amweleze mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo haihusu bidhaa ambayo mteja aweza kuipakua na kubaki nayo daima. Yaani bunge zima limeketi kuamua maana ya kitenzi kimoja. Je, sisi ambao hiyo ndiyo kazi yetu, tunyamaze?

Tumefikiri juu ya kukodi. Kijana anayelipa katika kibanda cha gemu anajua kwamba amekodi, kwa maana muda wake umetajwa. Katika duka muda hautajwi, hivyo kukodi hakufai. Neno leseni, kwa upande wake, lina uzoefu mrefu nchini: leseni ya biashara, leseni ya udereva. Kila mwananchi anajua kwamba leseni hutolewa na mwenye mamlaka, ina masharti, na hunyang'anywa. Kwa hiyo kitufe kiandikwe Lipia leseni. Kununua kubaki kwa maduka yanayomwachia mteja faili za kusakinisha azihifadhi mwenyewe, kama GOG, na hata hapo masharti ya leseni yasomwe.

Jambo hili haliishii kwenye michezo. Mtunza ghala wa shule akiandika katika leja kwamba programu "imenunuliwa", ameiandika kama dawati. Mwaka wa pili leseni ikimalizika, mkaguzi atauliza dawati limekwenda wapi. Neno moja lililotafsiriwa kwa uvivu limemfanya mtumishi mwaminifu aonekane mwizi.

Mapendekezo

Kwa hiyo twawaomba wafasiri watenge bure na huria kila mara, na waache kuandika mauzo penye punguzo. Twawaomba walimu wafundishe michezo ya mapigo, michezo ya kupitisha wakati na programu kalimani kwa mifano, ili maneno haya yajaribiwe vinywani kabla ya kusanifiwa. Na watumishi wa serikali twawaomba waandike katika hati zao leseni imelipiwa hadi tarehe fulani, wala wasiandike programu imenunuliwa. Wenye istilahi bora kuliko hizi watuletee, pamoja na hoja zao. Ila tusikubali Kiswahili kimwambie kijana wa Hale kwamba kitu ni chake, ilhali mwenye kitu anajua kwamba si chake.