Suruali ya Mbunge wa Momba Haikuwa na Kosa

Kila Bunge la bajeti likifika mwezi Juni, narudi kwenye picha zile zile za Juni 1, 2021, na kila nikizitazama hukumu yangu ni ile ile: Spika alikosea, tena katika jambo ambalo fundi yeyote wa cherehani angemsaidia kulielewa. Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, alitolewa kwenye ukumbi wa Bunge Dodoma akiwa na blauzi ya njano na suruali nyeusi. Wengi wetu wa mkoa wa Songwe, iliko Momba, tulilipokea kama dharau kwa binti yetu. Mimi nalihesabu pia kuwa kosa la kiufundi, kwa sababu kilichotolewa nje siku ile ni mpangilio wa mavazi ambao ningemshauri auige dada yeyote wa Tunduma mwenye fedha kidogo na shughuli kubwa mbele yake.

Mnakumbuka ilivyokwenda. Hussein Amar, mbunge wa Nyang'hwale, alisimama kuomba mwongozo. Akasema Bunge ni kioo cha jamii na kwamba baadhi ya wabunge wanawake wanavaa mavazi ya ajabu. Kisha akatoa mfano: dada yake aliyeketi upande wake wa kulia, mwenye njano. Akamwomba Spika amtazame alivyovaa, aitazame ile suruali. Marehemu Job Ndugai, Spika wa wakati huo, aliyekuwa kitini, akamtaka Condester atoke, akavae vizuri, ndipo arudi. Akaongeza kwamba malalamiko ya aina hiyo hayakuwa ya kwanza kumfikia, na akaagiza wahudumu wa Bunge wamzuie mlangoni yeyote, mwanamume au mwanamke, atakayekuja amevaa isivyofaa. Mbunge akanyanyuka, akatoka, nchi nzima ikimtazama.

Tulisimamishe tukio hapo hapo. Shtaka lilikuwa nini? Suruali yenyewe haikuwa kosa, maana wabunge wanawake huingia na suti za suruali na shughuli zikaendelea. Shtaka lilieleweka kuwa kubana. Na kubana kuna dalili zake, ambazo mafundi wanazijua bila kuambiwa. Suruali inayobana huchora mikunjo ya mlalo kwenye mapaja na chini ya makalio. Mifuko ya pembeni hufunuka. Zipu huvutika, na mshono wa nje, badala ya kushuka wima, hupinda kwenda mbele au nyuma. Suruali iliyokaa mwilini haina hata dalili moja kati ya hizo: mshono unateremka ulionyooka kutoka kiunoni hadi kifundoni, mifuko imelala, na kitambaa kinaufuata mwili bila kuukaba.

Kukagua dalili hizo kunahitaji uwe karibu, mtu amesimama wima, mwanga unampiga kwa mbele. Spika aliamua akiwa kitini, kwa ombi la mbunge mmoja, ndani ya muda mfupi mno, juu ya kitambaa cheusi ambacho ndicho kigumu kuliko vyote kukisoma kwa mbali, kwa sababu weusi humeza vivuli vya mikunjo. Uamuzi uliopatikana kwa njia hiyo ulikuwa juu ya umbo la aliyevaa, na umbo si kosa mbele ya kanuni yoyote. Mwanamke mwenye nyonga akivaa suruali iliyoshonwa sawasawa, nyonga zake zitaonekana. Mwembamba akivaa suruali ya mkato ule ule ataambiwa amependeza. Kanuni ikitoa hukumu mbili kwa mshono mmoja, haijapima nguo.

Njano juu, nyeusi chini: rangi zilipangwa vizuri. Baadhi ya wabunge wanawake walitaka mwenzao aombwe radhi, na walitenda haki.

Kinachoniuma zaidi ni somo lililobaki nyuma. Agizo lile liliwaaminisha wengi kwamba heshima ni nguo pana, na kwamba ukitaka kuonekana mtu wa maana ongeza upana wa kitambaa. Huo ni upotoshaji. Nguo ya bei nafuu huonekana ya bei mbaya kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni namna inavyokaa mwilini. Mtu anaweza kununua suti dukani kwa mshahara wa mwezi mzima akaonekana ameazima kwa kaka yake, kwa sababu mabega yamemzidi na mikono ya koti imefika kwenye vidole. Mwingine akaokota suruali ya kitambaa kwenye mitumba, akaipeleka kwa fundi, akaingia ukumbini watu wakageuka.

Kwa wale wa Tunduma ambao bado wanasitasita, kazi yenyewe iko hivi. Belo la mitumba likifunguliwa, hapa kwetu au ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwenye salaula kama Wazambia wanavyoiita mitumba, anza na mabega ikiwa unatafuta koti. Kiuno fundi atakipunguza na pindo atalipandisha kwa kazi ndogo, lakini bega likizidi itabidi mkono mzima ufumuliwe, na hapo unafuu umekwisha. Kwa suruali, anza na nyonga na mapaja, maana kiuno kitapunguzwa ila paja lililobana haliongezeki kama ndani ya mshono hamna ziada. Geuza nguo uitazame ndani. Ziada ya kitambaa pembeni mwa mshono na bitana iliyolala ni alama za aliyeshona bila haraka. Kunja kitambaa kwenye kiganja, kaza ngumi, kisha achia. Kikibaki na mikunjo kitakuaibisha kabla hujashuka kwenye basi Vwawa. Inyanyue suruali nyeusi juani uangalie makalio na sehemu ya ndani ya mapaja, kwa sababu hapo ndipo uchakavu unapojificha, kwa kung'aa au kwa vinyuzi vilivyojiviringa.

Ukishainunua, ng'oa vifungo vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu, weka vya kawaida vinavyofanana na kitambaa. Nyeusi usiipige pasi moja kwa moja. Igeuze ndani nje, au tandika kitambaa chenye unyevu juu yake, la sivyo itang'aa magotini na kila mtu atajua umri wake. Pindo liguse kiatu bila kufagia chini, hasa kwetu ambako kiangazi vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka halimwachi mtu.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo nimelipigia kelele miaka mingi na nitaendelea kulipigia. Kama tunataka kuzungumzia kuvaa vibaya, tuanze na wanaume. Nenda kwenye harusi yoyote ya Tunduma au Mlowo uhesabu makoti yenye lebo ya kiwanda ikiwa bado imeshonwa kwenye mkono. Lebo ile huwekwa ili muuzaji aione nguo inapotundikwa dukani, na hufumuliwa siku ya kununua. Ukiiacha, umewatangazia watu kwamba koti hulijui. Tazama pia mpasuo wa nyuma wa koti, ambao bado una uzi mweupe wa msalaba uliowekwa kiwandani ili koti lisikunjike njiani. Wembe na dakika moja vinatosha kuondoa vyote viwili. Kisha tazama suti za kitambaa kinachong'aa ambazo kamati za harusi huwavalisha vijana kwa pamoja, za saizi moja kwa miili tofauti. Hao wote wanapigiwa vigelegele. Mwanamke mwenye suruali iliyokaa vizuri ndiye anayeonyeshwa mlango.

Waliotutangulia walijua kwamba heshima ya nguo iko kwenye namna inavyokaa mwilini. Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, alivaa suti ya safari kwa miaka mingi hadi vazi lenyewe likapewa jina lake, na Mwalimu Nyerere na viongozi wetu wengi wakavaa za namna hiyo. Ilikuwa koti na suruali vya kitambaa kimoja, rangi moja, bila tai. Gharama ilipungua, na uzito wote ukahamia kwenye mshono: bega lilale, kola itulie, suruali ishuke wima. Leso nyeupe mkononi ndiyo ilikuwa pambo la Kaunda. Mzee huyo alifariki Juni 17, 2021, wiki mbili na siku mbili baada ya mbunge wa Momba kutolewa. Na Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, akaipiga marufuku hata suti ya Kaunda bungeni kwake, wakati Rais Ruto alikuwa ameirudisha kwenye fasheni. Vazi lililowatosha waasisi wa mataifa haya linawashinda vipi maspika wa leo?

Tanzania ilishapita njia hii ya kupiga nguo marufuku. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Wasichana walisumbuliwa mitaani Dar es Salaam kwa sababu ya nguo. Operesheni ikapita, nguo zikabaki. Bunge la 2021 lilikuwa na historia hiyo mkononi, na halikuitumia.

Sisemi Bunge lisiwe na kanuni za mavazi. Liwe nazo, lakini ziwe za kupimika. Urefu wa sketi unapimika. Bega kufunikwa au kuachwa wazi kunaonekana na kila mtu. "Kubana" bila dalili zilizoandikwa kutaendelea kumwangukia mwenye mwili. Na kama kweli Amar aliona tatizo, mila zetu zina utaratibu. Ukimwita mtu dada yako, unamwita pembeni, au unamtuma mama mtu mzima akaseme naye baada ya kikao. Dada hanyooshewi kidole mbele ya taifa.

Kwenu dada zangu wa Momba, Tunduma, Ileje na Mbozi: suruali nyeusi ya kitambaa nunueni, mpelekeeni fundi, mwambieni aikalishe mwilini, na mvae mkienda kazini, kwenye usaili na kwenye kikao. Na kwa Ofisi ya Bunge: andikeni kipimo cha kubana, au futeni neno hilo.