Vita Visivyoua Kete

Malori ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, yakikwama mpakani Tunduma, wapo madereva wanaolala, wapo wanaopika chini ya tela, na wapo wanaochimba mashimo. Siku hiyo dereva mmoja mzee alichuchumaa kwenye kivuli cha lori lake, akachimba kwa kijiti mashimo 32 ardhini: mistari minne, kila mstari mashimo manane. Utingo wake akaokota kokoto 64. Uwanja wa vita ukawa tayari.

Bao nimelipenda tangu utotoni, ila pale ndipo nilipolitazama kwa mara ya kwanza kama kazi ya fundi. Pwani kete ni komwe na ubao umechongwa kwa mti mgumu. Hapa kete ni kokoto na ubao ni udongo. Mchezo ni uleule, haukupungua kitu.

"Tuanze la kujifunza, mwanangu," alisema mzee, akaweka kete mbilimbili kila shimo. Katika bao hilo kete zote ziko uwanjani tangu mwanzo; kazi ni kuchota, kusambaza moja moja na kula. Bao kamili la Kiswahili lina mambo zaidi. Kila mchezaji huanza na kete 10 uwanjani, sita zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Za mkononi huingia moja moja katika hatua ya namua. Zikiisha, ndipo inapoanza hatua ya mtaji, ya kucheza kwa kete zilizo uwanjani tu. Sasa angalia ustadi wa walioutunga mchezo huu: ondoa namua, ondoa nyumba, bao halibomoki. Linabaki la kujifunza, na mtoto analiweza. Siku akiongezewa vilivyobaki, hana cha kusahau.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni namna ya kula. Katika drafti, ile ya vizibo vya soda, kizibo kilicholiwa huwekwa pembeni, na uwanja huzidi kuwa mtupu. Katika bao, mateka hatoki vitani. Anaingizwa kwa aliyemla, kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, na papo hapo anaanza kumpigania. Kete 64 hubaki 64 hadi mwisho. Anayeshindwa ni yule ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu, au hana tena pa kuchezea.

Nilimwona utingo akidondosha kete yake ya mwisho kwenye shimo lenye kete, mkabala na shimo la mzee lenye tano. Akala. Akazisambaza kutoka kichwani. Ya tano ikaangukia tena penye kete, na mbele yake mzee ana saba. Akala hizo pia, akazitembeza moja moja kwa ncha za vidole, midomo ikihesabu, hadi ya saba ilipotua kwenye shimo tupu. Akalala; zamu yake ikaisha. Mkono mmoja, kete 12.

Dereva wa Kizambia aliyekuwa amesimama nyuma yetu aliuliza jambo moja tu, kuhusu kula, kisha akakaa chini. Kwao kuna mchezo wa nsolo, nao ni wa mistari minne. Kule Ileje, ukivuka Mto Songwe, Wamalawi wana bawo, ndugu wa karibu kabisa wa bao letu. Mkoa huu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mpaka wa Tunduma ni wa kikoloni. Mashimo haya yana umri mkubwa kuliko mistari yote hiyo ya ramani.

Mzee alitazama uwanja kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Umekula 12," alimwambia kijana. "Zilinde vizuri. Hapo zilipo naziona zote, na njia ya kurudi kwangu zinaijua."

Kisha akachota.