Waliopiga "A Luta Continua" Wakaiacha Kamera

Nilitoka Ruangwa kwenda Nachingwea na barua ya kuacha kazi ndani ya begi, sijaituma. Kwenye laptopu nilikuwa na A Luta Continua, filamu ya nusu saa na ushei ya mwaka 1972. Nilikuwa nimeitazama peke yangu gesti, Ruangwa, na niseme ukweli, haikunigusa nilivyotarajia.

Wamarekani weusi wawili waliingia Msumbiji mwaka 1971 wakitokea Tanzania, wakatembea na wapiganaji wa FRELIMO kwenye maeneo yaliyokombolewa. Mwongozaji, Robert Van Lierop, alikuwa mwanasheria ambaye hajawahi kutengeneza filamu. Kamera ilishikwa na Robert Fletcher, aliyepiga picha za mapambano ya haki za weusi Mississippi na Alabama akiwa na vijana wa SNCC.

Tatizo la filamu ni msimulizi. Anatetea kesi mwanzo mwisho: Ureno, NATO, Marekani. Hoja zake nazikubali, lakini hanyamazi hata pale ambapo uso wa mtu ungetosha.

Nachingwea nilimwonyesha mzee mmoja aliyekulia jirani na kambi ya FRELIMO, ile ambayo Samora Machel aliondokea Mei 1975 kwenda kupokea uhuru. Kiingereza hakijui, basi nikazima sauti. Loo! Ikawa filamu nyingine kabisa. Kumbe Fletcher hakuwa na haraka. Anakaa na watu kwenye shule ya msituni, kwenye zahanati, njiani, kama mgeni aliyekaribishwa akasubiri chakula. Mzee akawa anasema, "Hebu rudisha hapo."

Kisha akauliza, "Hawa wapiga picha waliishia wapi, mwanangu?"

Nikamweleza. Walitengeneza nyingine, O Povo Organizado, kuhusu Msumbiji ya wakati wa uhuru. Baadaye Vanuatu, nchi ya visiwa iliyopata uhuru 1980, ikamfanya Van Lierop balozi wake Umoja wa Mataifa, kuanzia 1981 hadi 1994. Ndiye mwenyekiti wa kwanza wa AOSIS, umoja wa nchi za visiwa vidogo zinazotishiwa na bahari. Kwa huyu sioni kama aliacha kitu. Filamu yake yenyewe ni hotuba ya wakili, akahamia tu baraza lenye maikrofoni kubwa zaidi.

Fletcher ndiye ananiuma. Naye alikwenda kusomea sheria, akawa wakili. Najua wateja wake walimhitaji, na kamera hailipi kodi ya nyumba (hilo nalijua vizuri). Lakini macho yale! Mawakili wapo wengi.

Mzee hakuona ajabu. "Si alishamaliza kazi yake hapa?" akasema. Aliwaza picha moja moja, mimi nawaza miaka thelathini ya picha ambazo hazikupigwa, na hatukuafikiana.

Akaomba nakala awaonyeshe wajukuu. Nikamwekea kwenye flashi, nikamsisitiza wazime sauti. Barua bado iko kwenye begi.