Uzi wa Mwizi

Ukibahatika kuipata kamba kuukuu ya meli ya kivita ya Uingereza, ya zama zile za matanga, shika ncha yake uifumue taratibu. Nyuzi zitakujia moja moja, zote rangi ya hudhurungi, rangi ya katani iliyokunywa lami. Ghafla utaukuta mmoja mweupe, tena umesokotwa kinyume na wenzake wote. Haukutiwa humo kuiongezea kamba nguvu. Mabaharia wa Kiingereza waliuita uzi wa mwizi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsubiri mwizi.

Sheria ya mwaka 1698, enzi za Mfalme William wa Tatu, ilisema wazi kwamba kamba yenye mzingo wa inchi 3 kwenda juu, iliyotiwa uzi mweupe uliosokotwa kinyume, ni mali ya mfalme. Kamba nyembamba zaidi zilitiwa uzi wa namna nyingine. Raia akikutwa nazo nyumbani au dukani kwake, ajieleze. Mali nyingine za mfalme, kama mbao, vyuma na mizinga, zilipigwa chapa ya mshale mpana. Lakini mbao hukwanguliwa, na chuma husuguliwa. Uzi ule uliingia na kamba tangu ncha hata ncha. Ukiikata kamba vipande kumi, vipande vyote kumi vinao. Ukitaka kuutoa, huna budi kuifumua kamba nzima, na ukimaliza kuifumua huna tena kamba ya kuuza.

Wezi hawakukosa sababu. Kamba ilikuwa fedha. Victory, meli ya mizinga iliyoshushwa majini kwenye karakana ya mfalme ya Chatham mwaka 1765, ilihitaji kamba za urefu wa maili 26 hivi kwa milingoti na matanga yake. Amari za nanga za meli kubwa kama ile zilifika mzingo wa inchi 24, unene ambao mtu mzima hawezi kuufumbata kwa viganja viwili. Hata kamba iliyochakaa ilikuwa na mnunuzi: ilichambuliwa nyuzi, nyuzi zikawa kalafati ya kuzibia mianya ya mbao. Kazi hiyo ya kuchambua, inayochubua vidole, waliachiwa wafungwa na mafukara. Oscar Wilde, mwandishi aliyependa mavazi ya hariri, aliifanya gerezani baada ya kuhukumiwa mwaka 1895.

Mimi hainivuti sana habari ya mwizi. Unanivuta mkono uliokuwa ukiutia uzi ule.

Chatham ipo hadi leo nyumba ya kusokotea kamba, ya matofali, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18. Urefu wake ni mita 346. Mtu akisimama mlango huu, aliye mlango wa pili hamtambui sura. Nyumba haikurefushwa kwa fahari. Uzi unaposokotwa hupungua urefu, na amari ya pima 100 haiwezi kuzaliwa ndani ya chumba kifupi. Wahandisi wa siku zile waliijenga nyumba kwa kuifuata kamba.

Mle ndani msokotaji alijifunga katani iliyochanwa kiunoni, akatunga ncha yake kwenye ndoano ya gurudumu, mtoto akazungusha gurudumu, naye akaanza kwenda kinyumenyume. Katani ilitoka kiunoni ikapita vidoleni, ikaondoka kwake ikiwa uzi. Macho yake yalikuwa kwenye kazi. Mgongo ndio uliotangulia aendako. Akiachia katani nyingi, uzi unafanya vifundo. Akibana, unakonda, na pale ulipokonda ndipo utakapokatikia. Hakuwa na kipimo zaidi ya ncha za vidole. Siku nzima, kinyumenyume, vumbi la katani kifuani na harufu ya lami kichwani.

Kisha inakuja hekima ya msokoto, ambayo kila nikiitafakari naona aliyeigundua kwanza, popote alipokuwa, alistahili kukumbukwa. Nyuzi husokotwa upande mmoja. Zikikusanywa kuwa msokoto mnene, husokotwa upande wa pili. Misokoto mitatu ikiungwa kuwa kamba, inarudishwa upande ule wa kwanza. Kila kimoja kinataka kujifumua, na kila kinapojaribu kujifumua kinamkaza mwenzake. Hakuna gundi, hakuna msumari. Kamba nzima inasimama juu ya ubishi uliopangwa. Na kwa amari za nanga, kamba tatu zilizokwisha kamilika huungwa tena, kinyume kwa mara nyingine, hata maji yakapata shida kupenya.

Dola iliijua thamani ya kazi hii. Desemba 1776, kijana aliyejulikana kwa jina la John Mpaka Rangi alitia moto nyumba ya kamba ya Portsmouth, akiwa upande wa Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru wao. Machi iliyofuata alinyongwa kwenye mlingoti wa futi 60, uliong'olewa melini ukasimikwa langoni pa karakana, ili wafanyakazi wote wamwone.

Wala tusidhani kwamba wa kale wote walikuwa malaika. Samuel Pepys, karani wa mambo ya majeshi ya majini, alikwenda kiwanda cha kamba cha Woolwich mwaka 1662, nyuzi zikajaribiwa mbele yake. Ikagundulika kwamba baadhi yake ndani zilikuwa takataka za kamba kuukuu zenye lami, zimefunikwa kwa katani mpya. Mtu alikaa, akauvisha uozo nguo safi, akaupeleka kwa mabaharia ambao uhai wao ungening'inia juu yake. Pepys alikasirika, na mimi humpenda kwa hasira ile. Ni hasira ya mtu anayejua kwamba kamba mbovu haimwumbui aliyeisokota. Humwumbua aliye juu ya mlingoti usiku wa tufani.

Ndipo nikaja kuipenda maana ya pili ya uzi wa mwizi, iliyokuja baadaye. Karakana za mfalme zilikuwa kadhaa, na kila moja ikapewa rangi yake ya uzi. Sasa ikawa kamba ikikatika baharini, inafumuliwa, na rangi inasema ilikotoka. Uzi uliotiwa kumkamata mwizi wa nje ukawa unamwita fundi wa ndani: njoo uione kazi yako. Yule msokotaji anayekwenda kinyumenyume alijua kwamba ndani ya kila pima anayoitoa kuna shahidi asiyekufa, na shahidi huyo anaweza kurudi kutoka upande wa pili wa dunia kumuuliza. Kwa fundi mwadilifu huo haukuwa mzigo. Ulikuwa saini.

Maana ya tatu ilizaliwa Ujerumani. Mwandishi Goethe, katika riwaya yake ya mwaka 1809, aliwasimulia wasomaji kuhusu kamba za jeshi la majini la Kiingereza na uzi mwekundu upitao ndani yake, usioweza kutolewa bila kuifumua kamba yote, akaufananisha na wazo moja linalopita ndani ya shajara ya mhusika wake. Tangu hapo Wajerumani husema "uzi mwekundu" kwa jambo linaloshika kisa au hotuba mwanzo hadi mwisho. Wengi wao nadhani hawakumbuki kwamba chanzo chake ni ghala la kamba na mtu aliyeogopa kuibiwa.

Kwetu pwani hatukuwa na mfalme wa kutia uzi. Bibi yangu, Mola amrehemu, alisokota kamba za makumbi kusini ya Unguja, na mimi utoto wangu una harufu ya makumbi yanayofukuliwa. Wanawake walikuwa wakiyafukia pwani, pale maji yanapokupwa na kujaa, wakayawekea mawe, wakayaacha miezi hata yalainike. Siku ya kuyatoa, upepo uliutangazia mji mzima. Yakapigwa kwa magongo hadi nyama yake ikatoka ukabaki usumba, ukaoshwa, ukaanikwa, ukawa na rangi ya dhahabu kavu. Jioni bibi alikaa barazani, fungu la usumba pembeni, akaanza kusokota kwa viganja. Mazungumzo hayakukatika, wala kamba haikukatika.

Bibi alikuwa mashoto. Kwa hiyo kamba zake zilikwenda kinyume na za wanawake wote wa mtaa. Wengine walimtania kwamba kamba zake zina ukaidi, na kweli hazikuungika vizuri na za mtu mwingine. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza ni za nani. Nakumbuka mvuvi mmoja alivyofika akiwa amefura, ameshika kipande mkononi.

"Shikamoo, bibi. Kamba yako hii imenitia hasara."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Hakuitazama. Aliipitisha vidoleni tu, mara moja, akamrudishia. "Hii imekwenda mkono wa kulia. Kamuulize aliyekuuzia." Mvuvi akaitazama, akacheka, akaondoka. Lakini niliona pia siku iliyorudishwa kamba yake mwenyewe, imekatika kabla ya wakati. Aliifumua pale ilipokatika, akanusa, akasema makumbi yale hayakukaa vya kutosha. Akamsokotea mwenyewe nyingine, pesa hakutaka. Hapakuwa na sheria wala bohari. Mnunuzi na fundi walisali msikiti mmoja na kuteka kisima kimoja, na kamba ilibeba jina bila kuandikwa.

Mabaharia wetu waliitegemea mikono ya namna hiyo kwa karne nyingi. Mtepe, chombo cha watu wa Lamu na visiwa vyake, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na mshono ukilegea, wote waliomo wanalegea nao. Hakuna nahodha aliyetweka tanga juu ya mshono wa mtu asiyemjua.

Dunia imekwenda. Nanga za Waingereza zikahamia kwenye minyororo mwanzoni mwa karne ya 19, milingoti ikashikwa kwa nyaya za chuma, kisha tanga lenyewe likaondoka. Karakana ya Chatham ilifungwa mwaka 1984. Nyumba ya kamba imesalia, na bado inasokota kwa wachache wanaoagiza na kwa wageni wanaokuja kutazama. Heri hiyo kuliko kimya, ila si sawa na kusokota kwa ajili ya mtu atakayepanda juu.

Na kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo, kwa njia yake. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyonusurika safari kutoka Florida, uliufanya mji wa Tanga usikike katika kila bandari. Manamba, vibarua wa mashambani, waliukata, mwiba wa jani ukawachoma, mashine za korona zikaukwangua, singa nyeupe zikaanikwa kwenye kamba za waya hadi upeo wa macho. Mwaka 1964 zilitoka tani zaidi ya 230,000. Kisha ikaja nailoni na ndugu zake wa plastiki, rahisi, nyepesi, zisizooza, na karne ilipokwisha haikuwa imebaki hata sehemu ya tano ya mavuno yale. Sitaki kuusifu mkonge kupita kiasi, maana jasho la manamba nalo ni sehemu ya historia yake. Lakini kamba ile ilikuwa na shamba, na shamba lilikuwa na jina.

Leo ingia duka lolote la vifaa mjini Tanga, mji uliozungukwa na mashamba ya mkonge, uombe kamba. Utaletewa ya buluu au ya kijani, imeviringwa ndani ya mfuko unaong'aa. Mwulize muuzaji imetoka wapi, atakuambia imetoka Dar. Dar watakuambia imetoka kontena. Ikianikwa juani misimu miwili inaanza kutoa unga, ikikatika kipande kinabaki baharini kinanasa kasa na samaki ambao hakuna atakayewala. Nani wa kurudishiwa? Imesokotwa na mashine ambayo haina baraza ya kukaa.

Tunapenda kuwalaumu wenye viwanda, nao wana lawama yao. Lakini bibi hakuacha kusokota kwa kuchoka. Aliacha kwa sababu wavuvi wa mtaa ule ule, watoto wa watu aliowasokotea kamba bila pesa, waliiona ya buluu ina unafuu wa shilingi chache. Sisi tuliuliza bei, hatukuuliza ni ya nani. Mwizi wa Chatham alijua anaiba mali ya nani, na fundi alijua atamjibu nani. Sisi tumefika mahali ambapo kitu hakina mwenyewe tangu kinatengenezwa hadi kinatupwa, na bado tunashangaa mbona hakidumu.